Vitabu Ndani ya Ngome: Niliyojifunza Katika Maonyesho

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu maktaba ni nini, atakunyoshea kidole kile chumba kilicho baada ya maabara, chenye meza sita na tangazo kubwa la kunyamaza. Jibu hilo si baya, na mtahini anaweza kulipa alama. Lakini mimi nimerudi kutoka likizo ya Agosti na swali ambalo naona linafaa kujadiliwa na Chama chetu cha Kiswahili. Kitabu ambacho hakijapigwa chapa, kisicho na nakala ya pili popote, kilichofungiwa ndani ya kasha la mtu chumbani, je, hicho kimo maktabani au hakimo? Swali hili sikulitoa kichwani mwangu. Nililipata ndani ya Ngome ya Yesu, mahali palipofanyika kwa siku mbili maonyesho ya vitabu pamoja na kikao cha wakutubi. Mimi na mwenzangu Mwanaisha tulihudhuria kwa niaba ya chama.

Mimi nakaa Likoni. Mwanaisha ni mwenyeji wa Kibokoni, Mji wa Kale, hatua chache tu kutoka ngomeni. Basi yeye alikunywa chai yake kwa utulivu, nami niliamka alfajiri kwenda kusukumana ferini. Nilipofika langoni nilimkuta amesimama karibu na mizinga, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Nikamwuliza, "Una nini humo?" Akanijibu, "Utaona. Usiniguse guse tu."

Kwa wasomaji wa bara ambao hawajaiona ngome hii ila katika picha za vitabu vya historia, nitasema machache. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani iliyochorwa na Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamembatiza na kumwita Dom Jerónimo, aliwageuka akaitwaa. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, mpaka ikaanguka. Baadaye wakaishika Wamazrui hadi mwaka 1837. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikawa makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Haya yote mwalimu wa historia anayajua vizuri kuniliko, kwa hivyo nayaacha hapo.

Jambo moja tu la ngome nataka ulishike, kwa kuwa ndilo mkutubi aliyefungua kikao alilianzia. Wanajeshi wa Kireno waliokuwa zamu ngomeni walichora ukutani kwa makaa na rangi nyekundu. Walichora merikebu, makanisa, watu na samaki. Kipande hicho cha ukuta kimehifadhiwa na mtu yeyote anaweza kwenda kukitazama. Mkutubi alituuliza, "Waliochora haya walidhani kuna atakayeyasoma?" Ukumbi ukanyamaza. Akasema kwamba hawakudhani, walikuwa wamechoka na wamekumbuka kwao, na sisi leo tunawasoma kwa sababu tu hakuna aliyepaka chokaa juu yake kisha ikasuguliwa. Mwanaisha alinikonyeza, lakini sikujua sababu yake wakati huo.

Maonyesho yenyewe hayakuwa makubwa. Msitegemee nitawasimulia kitu kama yale maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, ambayo yalianza mwaka 1998 na huleta wachapishaji kutoka nchi nyingi. Hapa palikuwa na meza kama ishirini. Kumi na mbili zilikuwa za vitabu vya kiada na vile vijitabu vya "maswali na majibu" tunavyovijua, na hapo ndipo wanafunzi wa shule nyingine walipojazana. Sitawalaumu, kwani hata mimi nilinunua kimoja. Lakini zile meza nane za mwisho, zilizowekwa kivulini, ndizo zilizotuweka mpaka jioni siku zote mbili.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya mihadhara. Tulielezwa kwamba Mombasa ni miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa Kenya kuwa na maktaba ya umma, kwani Maktaba ya Seif bin Salim, yenye chumba cha kusomea bila malipo, ilianzishwa hapa mwaka 1903. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, ambayo wengi hudhani ndiyo babu wa maktaba zote, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baada ya uhuru Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuunda bodi ya maktaba za taifa. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996 huko Garissa, vitabu vikawa vinabebwa kwenye masanduku mgongoni mwa ngamia kuwafuata wafugaji. Hapo watu walipiga makofi. Mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Na sisi wa mwambao tulikuwa tukibeba vyetu kwa jahazi!" Watu wakacheka, lakini alikuwa amesema kweli, na mchana tulikuja kujua kwamba yeye ndiye aliyepewa zile meza za kivulini.

Mzee huyo, ambaye aliniomba nisiandike jina lake kwa kuwa hapendi mambo ya magazeti, ni mjuzi wa miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu. Mezani pake palikuwa na picha za miswada mikubwa kwa midogo. Tuliona picha za misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliokuwa mashuhuri kwa kazi hiyo karne ya 18 na ya 19. Karatasi nyingi za misahafu hiyo zilitoka Italia, na ukiziinua kwenye mwanga huona alama ya miezi iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe. Fikiria safari ya karatasi hiyo! Imetengenezwa Italia, ikashuka kwa bahari mpaka Siyu, ikaandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona Italia wala hakuwa na haja nayo.

Sasa naja kwenye somo lenyewe, na hapa naomba usiruke.

Mzee alichukua chaki, akaandika kwenye kibao kidogo herufi mbili za bee, kila moja na fat'ha juu yake. Akamwambia Mwanaisha, "Haya, wewe umesoma chuoni. Soma."

"Baba," akasema Mwanaisha bila kusita.

"Ahsante. Na wewe?" akanigeukia. Nikamwambia mimi sikusoma chuoni, herufi hizo sizijui. Akasema, "Basi wewe ndiye mwanafunzi mzuri leo, huna la kusahau." Akatueleza kwamba waandishi wa zamani hawakuwa na herufi ya pe, wala hawakuandika ile sauti ya me au ne inayotangulia be na de. Bee moja ilibeba sauti zote hizo. Kwa hivyo alichokiandika kinaweza kuwa baba, kinaweza kuwa papa wa baharini, kinaweza kuwa pamba, na pia bamba. Akafuta zile fat'ha, akatia kasra chini. "Na hapa?" Mwanaisha akasoma bibi. Mzee akasema inaweza kuwa bibi, pipi, pepe au pembe, kwa sababu kasra ilitumika kwa i na kwa e, kama vile dhumma ilivyotumika kwa u na kwa o.

Mwanaisha akashika kichwa. "Kwa hivyo bibi na pembe ni mamoja?"

"Kwa jicho ni mamoja, mwanangu. Kwa akili, la hasha."

Hapo nilifahamu jambo ambalo hakuna kitabu cha fasihi kilichowahi kunieleza hivyo. Sisi darasani tunahesabu mizani na vina kwa kuwa swali la mtihani linasema "eleza bahari ya shairi hili". Kumbe kwa msomaji wa mswada, vina na mizani ni ufunguo. Akifika kwenye neno linaloweza kusomwa namna nne, anatazama mshororo. Je, kina cha kati kinataka nini? Mizani minane imetimia? Namna tatu zinakataa, moja inakubali, mlango unafunguka. Mtunzi wa shairi alikuwa amemwachia msomaji wake kipimo ndani ya shairi lenyewe. Lakini barua, orodha ya madeni au maelezo ya dawa hayana vina, na mzee alisema hayo ndiyo humkosesha usingizi, hata kuliko utendi wa beti elfu.

Alitueleza pia kwamba Waswahili wenyewe waliliona tatizo hili wakalitafutia dawa. Mmoja wao ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa hapa Mombasa, ambaye alizitengeneza herufi na kuzitia alama ili kila sauti ya Kiswahili iwe na mahali pake. Jina la Sikujua nilikuwa silijui, nami sidhani wanachama watano wanalijua. Ndiyo maana nataka nikae hapa kidogo.

Wote tunamjua Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi baina ya 1776 na 1840 hivi, wakati wa Wamazrui. Tunafundishwa kwamba ndiye aliyelitoa shairi katika msikiti akalitia sokoni. Vizuri. Je, mashairi yake yametufikiaje? Muyaka hakupigiwa chapa hata ubeti mmoja maishani mwake. Aliyatunga, watu wakayashika kwa moyo, naye akafariki. Miaka ikapita kama hamsini. Wazee waliomsikia walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Hapo ndipo Mwalimu Sikujua alipoanza kuyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kuyaandika, pamoja na maelezo ya nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Kazi hiyo aliifanya pamoja na mmisionari Mwingereza aliyeitwa W. E. Taylor, aliyekipenda sana Kiswahili cha Mvita. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zikaondoka na Taylor, na leo zimo katika chuo kikuu cha SOAS, London. Mwingereza mwingine, William Hichens, akazitia katika herufi za Kirumi, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Wapi? Johannesburg! Muyaka alipata kitabu miaka mia moja baada ya kufa, katika mji ambao haukuwepo alipokuwa hai. Kisha mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, kilichopigwa chapa Nairobi, na hicho ndicho wanafunzi wengi wa Kenya wamekisoma.

Hebu utazame mnyororo huo. Ukikata pete moja tu, ile ya Sikujua, hakuna Muyaka. Taylor angekuja Mombasa, angekula halua, angerudi kwao mikono mitupu. Mimi simbezi Taylor, maana karatasi alizitunza, na huenda zingebaki hapa zingeliwa na mchwa. Lakini naona si haki kwamba majina ya Waingereza wawili yanajulikana na wasomi wa dunia nzima na jina la mwalimu wa Mombasa tunalisikia kwa bahati, kwenye meza ya kivulini. Mzee mwenyewe hakutaka kuingia katika mjadala huo. Alisema tu, "Nakala ndiyo maktaba. Kitabu chenye nakala moja ni mgonjwa asiye na ndugu."

Mwanaisha aliposikia hayo akafungua mkoba.

Ndani, katika kipande cha leso, na ndani ya leso bahasha, mlikuwa na karatasi tatu zenye rangi ya chai. Akaeleza kwamba nyanyake ana kitabu kilichoandikwa kwa mkono, alichorithi kwa mamake, hukaa katika kasha chini ya nguo za Idi. Alipoomba kuja nacho ngomeni nyanyake alikataa katakata, kisha akafikiri, akamwambia: "Hizi tatu zimetoka zenyewe, nenda nazo. Kitabu hakitoki."

Mzee hakuzigusa mara moja. Alinawa mikono kwanza kwa maji ya chupa, akaikausha vizuri. (Wengine mnadhani ni lazima kuvaa glavu nyeupe kama katika filamu. Alituambia vidole safi na vikavu ni bora, kwa sababu glavu haisikii karatasi na huirarua.) Akazipanga, akazitazama, akatabasamu. Akatuonyesha kitu ambacho Mwanaisha amekiona tangu utotoni asijue ni nini. Chini ya kila ukurasa, pembeni kabisa, pana neno moja limeandikwa peke yake kwa mshazari. Neno hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Zamani vitabu havikuwa na nambari za kurasa, na neno hilo ndilo lililokuwa kamba ya kuzifunga. Kwa neno hilo karatasi ya Mwanaisha aliyoidhani ya tatu ikawa ya kwanza, na ile ya kwanza haikufuatana na yoyote. Baina yao palikosekana ukurasa, au kurasa.

Katika karatasi ya mwisho palikuwa na tarehe, mwezi wa Rajab mwaka 1311. Kanuni ya kubadilisha ni hii, andikeni kwenye madaftari: chukua mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Inatoka 1893 na kitu. Kwa kuwa Rajab ni mwezi wa saba na mwaka 1311 ulianza Julai 1893, tarehe yetu inaangukia Januari 1894. Mwaka uliofuata ndio Waingereza waliitia ngome minyororo na wafungwa. Karatasi hizo zilikuwa zinaandikwa nyumba chache kutoka hapo tulipokaa.

Na yaliyoandikwa? Nilitazamia siri kubwa, nasema kweli. Upande mmoja ulikuwa beti za Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye mwaka 1858, na ambao wanawake wa mwambao waliunakili nyumba hadi nyumba. Utendi huo umekwisha kuchapishwa zamani, Alice Werner na Hichens waliutoa kitabu mwaka 1934. Upande wa pili ulikuwa maelezo ya dawa ya mtoto mwenye homa, na orodha ya watu waliochukua vitu kwa mkopo. Nilivunjika moyo kidogo. Mzee, kinyume changu, aliruka utendi akaganda kwenye ile orodha ya madeni. "Utendi ninao nakala nyingi," alisema. "Hii hana mtu mwingine duniani."

Kumbe si sisi peke yetu tuliokuwa tukisikiliza. Bwana mmoja aliyekuwa akizungukazunguka mezani alimfuata Mwanaisha mpaka karibu na ule mfupa mkubwa wa nyangumi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kitabu kizima akimletea kesho, atampa shilingi elfu kumi na tano, taslimu. Hakutaja anakotoka wala anakokipeleka. Mwanaisha hakumjibu. Tulitoka pale tukakaa juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari, tusiseme neno. Mimi najua, naye ameniruhusu niandike, kwamba karo ya muhula wa tatu ilikuwa haijalipwa, na kwamba elfu kumi na tano si pesa za kuchezea nyumbani kwao wala kwetu.

Akasema, "Nyanya hajui kusoma hicho kitabu. Mimi sijui kukisoma. Kinakaa tu."

Nikamwambia, "Hata ule ukuta wa Wareno ulikaa tu."

"Ukuta haulipi karo," akanijibu, na hapo sikuwa na la kuongeza.

Siku ya pili ilikuwa na kikao ambacho kwetu kilikuja kwa wakati wake. Mkutubi mmoja alieleza kazi iliyofanyika Lamu katika Msikiti wa Riyadha, ambako miswada ya msikiti ilipigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Miswada yenyewe haikuondoka Lamu. Kilichosafiri ni picha, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Alitukumbusha pia juu ya marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017. Watafiti wengi waliotaka kusoma miswada ya pwani walipitia kwake. Mtu kama huyo akiondoka, picha zinabaki lakini wa kuzisoma wanapungua. Mwanafunzi mmoja wa kiume aliuliza kwa nini basi serikali isivichukue vitabu vyote vya majumbani ikaviweka mahali pamoja penye kiyoyozi. Mkutubi akamjibu kwamba kuna wanaoona hivyo, lakini kitabu kilichochukuliwa kwa nguvu hupoteza hadithi yake, kwani nani atakayesema kilikuwa cha nani na kilisomwa lini? Naona jibu hilo lina nguvu, ingawa unyevu wa pwani na wadudu havijui hadithi ya mtu.

Jioni hiyo tulikwenda kwao Kibokoni. Tulimkuta Bi. Mkubwa barazani akichambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanitafutia kigoda. Mwanaisha alimwambia yote, hata lile la elfu kumi na tano, hakuficha. Nyanyake aliendelea kuchambua mpaka sinia ikaisha. Kisha akasema kwamba zamani kasha hilo lilikuwa na vitabu viwili. Mgeni mmoja aliyependeza kwa maneno alikiazima kimoja akisoma, akasema atakirudisha baada ya Ijumaa. "Ijumaa hiyo haijafika hadi leo," akasema. "Na hichi kikitoka, ntawaonyesha nini watu kwamba mamangu alijua kuandika?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na katika siku mbili za mihadhara hakuna aliyeligusa. Orodha ile ya madeni na ile dawa ya homa ziliandikwa na mwanamke, kwa mkono wake. Mamake Bi. Mkubwa alizirithi kwa aliyemlea, kisha akaendelea kuandika humo mwenyewe. Khati ni mbili, ukitazama vizuri, na ya pili ni yake.

Tukamweleza habari za Lamu, kwamba kitabu kinaweza kubaki na picha zikaenda. Akauliza maswali makali kuliko tuliyoyasikia ngomeni. Picha hizo zitakaa kwa nani? Majina ya waliokuwa wakidaiwa yataonekana na watu? "Kuna wajukuu wao hapa mtaani. Nisiwatie watu haya." Mwisho akakubali kwa masharti. Mzee wa khati aje nyumbani, kwa sababu mtaa mzima unamjua. Kitabu kisivuke kizingiti. Majina ya wadaiwa yafunikwe katika nakala yoyote itakayotoka nje ya nyumba. Na Mwanaisha anakili kitabu chote kwa mkono wake, herufi za Kiarabu upande mmoja na za Kirumi upande wa pili, asije akawa na yeye ni mtu wa kukiweka chini ya nguo tu. Kuhusu karo, alituambia tusimwingilie. Muhula ulipofunguliwa Mwanaisha alikuwepo darasani, na mkufu mmoja wa dhahabu haukuwepo tena shingoni mwa nyanyake.

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri mimi huvuka feri nikaenda Kibokoni. Mwanaisha husoma na kunakili, mimi huandika safu ya Kirumi na kuhesabu mizani. Mzee wa khati amekwisha kuja mara tatu na simu yake yenye kamera nzuri. Tunatumia kalamu ya risasi tukiwa karibu na kitabu, kamwe si wino. Hatutii utepe wa gundi mahali palipochanika, kwani gundi hugeuka rangi ikaila karatasi, na kurasa zilizotoka tunazitenga kwa karatasi safi badala ya kuzibana. Ule ukurasa uliokosekana tumeupata, ulikuwa umejikunja ndani ya jalada. Wanachama waliosoma chuoni na wenye subira wanakaribishwa, mradi wamwone Mwanaisha kwanza, naye atamwuliza nyanyake.

Tumefika ukurasa wa kumi na tisa, katikati ya orodha ya madeni, nasi tumekwama. Pana mtu aliyechukua ratili sita za kitu, na kitu hicho kimeandikwa kwa bee mbili, kila moja na fat'ha juu. Baba si wa kupimwa kwa ratili, hilo tumekubaliana. Mwanaisha anasema ni pamba, kwa sababu mstari wa juu unataja magodoro. Mzee anasema ni papa mkavu. Bi. Mkubwa ameulizwa, akacheka, akasema mtu huyo anamjua ukoo wake, na kwa watu wale lolote kati ya mawili lawezekana.